Kipaumbele cha taski kiwe kwenye lugha yenyewe, kisiachiwe mfumo endeshi

Nina msimamo mmoja kuhusu programu za muda halisi, yaani zile ambazo lazima zijibu ndani ya muda uliopangwa. Kama kompyuta inaendesha breki, mashine ya kupumulia au chombo cha angani, basi namna taski (kazi ndogo ndogo zinazopokezana zamu ndani ya programu) zinavyogawana prosesa inatakiwa ijulikane kwenye lugha ya programu yenyewe, sio laibrari na mfumo endeshi ndo viamue. Wengi wanaona hayo ni mambo ya chuo tu, mi nakataa kabisa.

Chukua kitu kidogo kama namba ya kipaumbele. Kwenye VxWorks, mfumo endeshi wa muda halisi, 0 ndo ya juu kabisa na 255 ya mwisho, kwenye FreeRTOS, nao mfumo wa aina hiyo hiyo, ni kinyume chake, 0 ndo ya chini na kadiri namba inavyopanda ndo taski inavyopewa haki zaidi. Sasa we umehamisha mradi kutoka huku kwenda kule, umebadilisha majina ya funksheni zote vizuri ila namba ukaziacha zile zile, kampaila inapitisha bila hata onyo moja, kumbe taski ya kuandika logi sasa iko juu ya taski ya kudhibiti mota. Java nayo ina 1 mpaka 10 lakini JVM (programu inayoendesha Java) ya kawaida kwenye Linux inazipuuza hizo namba mpaka uiambie vingine. C ilikaa bila tredi (ndo taski hizi hizi kwa jina lingine) kwenye standadi yake mpaka 2011, na hizo zilizokuja hazina kipaumbele kabisa.

Halafu kuna muda, na hapa ndo watu wa ESP32, chipu ndogo inayoendeshwa na FreeRTOS, wanaumia sana. Ukiiandikia programu kwa Arduino, saa ya mfumo inapiga tiki 1000 kwa sekunde, ukitumia ESP-IDF (zana za mtengenezaji wa chipu mwenyewe) bila kugusa setingi ni tiki 100. Andika vTaskDelay(pdMS_TO_TICKS(5)), yaani lala milisekunde 5 zikigeuzwa kuwa tiki. Kwenye Arduino taski inalala kama milisekunde 5. Kwenye ESP-IDF tiki moja ni milisekunde 10, na 5 kugawa kwa 10 kwa namba nzima ni 0, kwa hiyo taski hailali, inazunguka tu na zote zenye kipaumbele cha chini kwenye kor ile (kiini cha prosesa) zinakosa zamu mpaka watchdog, kipima muda kinachonasa programu iliyokwama, inaanza kulalamika. Mstari ule ule, chipu ile ile! Hapo nani amekosea, wakati aliyeandika kasema milisekunde 5 kabisa?

Na wataalamu wakubwa pia yamewakuta. Mars Pathfinder, chombo cha NASA, ilitua tarehe 4 Julai 1997, baada ya siku chache ikaanza kujirisiti yenyewe kule kule Mars. Taski ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa inashika kufuli (linalozuia taski mbili kugusa data moja kwa pamoja) ambalo taski ya juu inalihitaji, katikati zinaingia taski nyingine za wastani zinaichelewesha ile ya chini, basi ya juu nayo inasubiri hadi muda wake unapita. Dawa ilikuwa kuwasha setingi moja ya lile kufuli, ya kurithisha kipaumbele, yaani taski iliyoshika kufuli inapewa kwa muda kipaumbele cha ile inayoisubiri, setingi ambayo VxWorks ilikuwa nayo siku zote ila haikuwashwa. Kitu kizito kiasi hicho kilikuwa hiari.

Mwaka huo huo wa 1997, kwenye kijiji cha Ravenscar huko Yorkshire, Uingereza, watu wa lugha ya programu ya Ada walikaa wakakubaliana kupunguza badala ya kuongeza. Taski zote ziwepo tangu mwanzo na zisife, kulala kuwe kwa "delay until" tu, yaani mpaka saa fulani, ili ucheleweshaji usijilimbikize kila mzunguko. Data ya pamoja inalindwa na kipaumbele cha dari, yaani kile cha juu kabisa kati ya taski zinazoigusa data hiyo, taski ikiingia tu inapandishwa mpaka kwenye dari, kwa hiyo shida ya Pathfinder haipati nafasi. Ukitaka kanuni hizo unaandika pragma Profile (Ravenscar). Ukijaribu kutumia select (amri ya kusubiri mambo kadhaa kwa pamoja) kampaila inakukatalia hapo hapo. Ada 2005 ikaiweka kwenye standadi.

Mtu atasema inabana mno. Ni kweli inabana, ndo maana Ada 2022 ikaleta Jorvik iliyolegezwa kidogo. Lakini kubana huko ndo kunakuruhusu ukae na kalamu ukokotoe kila taski itachelewa kiasi gani hali ikiwa mbaya kabisa, kabla hujawasha umeme. Prosesa ikibadilika mahesabu unarudia, hilo halikwepeki, ila kanuni za nani anamsubiri nani zinabaki zile zile. Kwenye kor mbili kazi inakuwa ngumu zaidi, maana dari peke yake haizuii kor ya pili kugusa data ile ile.

Nafurahi kuona RTIC, fremuwoki ya muda halisi kwenye lugha ya Rust, nayo inapiga hesabu za dari wakati wa kukompaila, inanipa matumaini kwamba wazo halijafa na Ada. Kwa sasa kama kazini kwenu ni C na FreeRTOS basi angalau tumieni vTaskDelayUntil (kulala mpaka tiki fulani) kwa taski za mzunguko, kulinda data tumieni mutex (kufuli linalorithisha kipaumbele) na sio binari semafo kwa sababu semafo hairithishi kipaumbele, na kila taski iandikiwe juu yake inazunguka kila baada ya muda gani na inagusa data ipi, ili atakayeihamishia bodi nyingine ajue alichoahidiwa mtumiaji.