Ruzuku ya upepo: shida sio hela, shida ni kigeugeu

Umeme wa upepo ukitajwa tu lazima watu wagawanyike, hawa wanataka serikali iweke hela, wale wanauliza kama ni mzuri hivyo mbona hausimami wenyewe bila kubebwa. Hilo swali ni la haki ila liulizwe kwa wote, maana IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wanasema mwaka 2022 serikali za dunia zilimwaga dola trilioni 1.3 kupunguza bei ya mafuta, gesi na makaa ya mawe. Kila mtu anabebwa.

Mi nadhani tunabishania pasipo. Upepo haununuliwi, karibu gharama yote unaitoa mwanzoni, minara, mapanga, nyaya, na hiyo hela kwa sehemu kubwa ni mkopo, kwa hiyo riba ndo inaamua bei ya umeme wake, na benki isipoiona kesho inapandisha riba. Ndo maana Ujerumani mwaka 2000 walipomhakikishia mzalishaji bei ya miaka 20 mitambo ikaota kama uyoga, hadi wakulima na wanakijiji wakachanga wakajenga ya kwao.

Sasa hapa wanaopinga wana pointi, hiyo ahadi analipa nani? Ujerumani waliweka tozo kwenye bili, 2017 ikakaribia senti 7 za euro kwa uniti, viwanda vinavyokula umeme mwingi vikapunguziwa, mwananchi wa kawaida akabaki nayo. 2022 wakaiondoa, ikahamia bajeti ya serikali, yaani mfuko ni ule ule ila mkono mwingine unaingia.

Lakini kuahidi halafu kugeuka ni kubaya zaidi. Hispania walikata malipo hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa, wawekezaji wakawaburuza kwenye mabaraza ya usuluhishi na kesi zimewaandama miaka. Marekani nako nafuu ya kodi ilianza 1992 ikawa inaachwa ife halafu inafufuliwa, mwaka 2012 ilijengwa mitambo mipya ya megawati kama 13,000, 2013 ikawa ya kama 1,000 tu, na upepo haukuacha kuvuma jamani.

Kuna wanaosema basi iwe mnada, mwenye bei ya chini apewe. Nakubali, umeshusha bei sehemu nyingi, ila Uingereza 2023 waliweka kikomo cha bei kidogo mno wakati gharama za vifaa zimepanda, mitambo ya baharini hakujitokeza hata mmoja, raundi iliyofuata wakapandisha wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni nyaya, yaani laini za kusafirisha umeme, maana hazina mtu wa kukata utepe kwa mbwembwe. Mradi wa Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 ya jumla ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, ila laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, ambayo ilikuwa kazi ya serikali, ikakamilika Septemba 2018. Mitambo ikakaa inatazamana na serikali ikalipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu. Mpinzani wa ruzuku atasema si mnaona, mi naona mkataba uliosainiwa kabla ya laini kuwa na uhakika, na mzigo wote wa kuchelewa ukaangukia upande wa umma.

Kwa hiyo ukiniuliza hela ya umma ianzie wapi, ningeanza na laini. Mwenye mitambo akifilisika laini inabaki, na inabeba umeme wowote, wa jua, wa mvuke, hata wa yule asiyetaka kusikia habari za upepo.