Bibi Yake Perseus

Kwa kuwa jamaa tunayemwita Mdomo ameshasambaza kipande cha sauti alichonirekodi kwenye magrupu yote ya mtaa, na kwa kuwa leo asubuhi mama muuza chapati kaniuliza, hata salamu yangu hajaitikia, kama ni kweli nilitangaza kwenye maiki kwamba shujaa wa muvi anataka kumbusu ng'ombe, basi na mimi nisikilizwe. Sikusema ng'ombe. Nilisema bibi yake. Ng'ombe na bibi ni mtu mmoja, ila si kwa wakati mmoja. Tulieni, mtaelewa.

Kibanda umiza chetu mnakijua, sina haja ya kuwachorea ramani. Juzi hapakuwa na mpira, mwenye banda akabandika tangazo: Clash of the Titans, ile ya 2010, imetafsiriwa, kiingilio jero. Watu wakajaa mpaka waliokosa benchi wakakalia makreti ya soda. Flashi ikachomekwa, faili lenye tafsiri likagoma kufunguka. Lililofunguka ni la Kiingereza kitupu, halina hata maandishi chini. Na jero zikishaingia mfukoni kwa mwenye banda huwa hazina njia ya kutokea. Akauliza nani humu anaijua hii hadithi. Mdomo, huyu huyu anayenichafua leo, akasimama: "Mpeni huyu maiki! Huyu Wagiriki anawajua kuliko ukoo wake!"

Hapo hakudanganya. Nikapanda.

Wasiowahi kuifanya kazi hii wanadhani ni kupiga kelele tu. Sauti ya muvi unaishusha hadi theluthi wakati watu wanaongea, unaipandisha kwenye mapigano. Maiki huielekezi kwenye spika hata kwa bahati mbaya, itapiga mluzi watu wazibe masikio. Na fundi wa kweli hutaja jambo sekunde chache kabla halijatokea, ukumbi ujue kwamba aliyeshika maiki kazi anaiweza. Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo iliyonimaliza.

Muvi inafunguka, sanduku linaelea baharini, mvuvi analivuta. Moyo ukatulia, maana hapo ndipo penyewe. Acrisius, mfalme wa Argos, alitabiriwa kwamba mjukuu wake ndiye atakayemuua, akamfungia binti yake Danae kwenye chumba cha shaba ili asizae. Zeus, mfalme wa miungu, akaingia kwa umbo la mvua ya dhahabu, akazaliwa Perseus, shujaa wetu wa muvi. Babu akawatia mama na mtoto sandukuni, akawatupa baharini, wakaokotwa na mvuvi Dictys wa kisiwa cha Serifos. Nikavuta pumzi: "Ndani yumo mama yake, mzima wa afya, na mtoto wake! Waliotupwa na babu mtu!"

Sanduku likafunguliwa. Mama maiti.

"Mzima wa afya," akarudia mtu wa benchi la mbele, taratibu.

Nikasema ngojeni. Baadaye kidogo Perseus yuko gerezani Argos, anasimuliwa alivyozaliwa, na hapo muvi ikamfanya Acrisius kuwa mume wa Danae! Zeus kajigeuza sura ya mume, kaingia chumbani. Ukumbi ukanigeukia. "Profesa, ni babu au ni baba wa kambo?" Jamani, mkishamfanya babu kuwa mume, utabiri wote umekufa. Katika hadithi ya kale Perseus anakuja kumuua babu yake bila kukusudia, kwa kisahani alichorusha kwenye michezo, mji wa Larissa. Mzee alikimbia ujana wake wote kifo kilichokuja kumkuta amekaa anatazama michezo. Utamu wote uko hapo, na watu wenye dola milioni 125 mkononi wameutupa jalalani.

(Nyie mnaoandika "si ungenyamaza tu", mmewahi kushika maiki? Mtu akishaishika hanyamazi.)

Sasa anayemsimulia Perseus pale gerezani ni mwanamke mmoja mzuri, hazeeki, anaitwa Io. Nilipolisikia hilo jina nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa kijijini katikati ya Kariakoo. Nikashusha sauti ya muvi kabisa, nikawapa ukumbi historia yake. Kwamba Io alikuwa kuhani wa Hera, mke wa Zeus, Zeus akampenda, na Hera alipokaribia kuwafumania Zeus akamgeuza Io kuwa ng'ombe mweupe. Hera hakudanganyika, akamwomba mumewe amzawadie huyo ng'ombe, akamkabidhi kwa Argus, mlinzi mwenye macho mia. Hermes, tarishi wa miungu, akamlaza usingizi Argus, akamuua. Hera akaleta pange wa kumuuma ng'ombe, akakimbizwa nchi kwa nchi mpaka Misri, na huko akarudishiwa umbo la mtu, akamzaa Epafo. Epafo akamzaa Libya, Libya akamzaa Belo, Belo akamzaa Danao, ukoo ukashuka na kushuka hadi kwa Acrisius, Danae, na huyu kijana wetu. Nikamalizia kwa sauti nzito, na hii Mdomo anayo kwenye simu: "Kwa hiyo ndugu watazamaji, huyu Io ni bibi yake Perseus! Bibi wa vizazi tisa! Kaja kumlea mjukuu!"

Watu wakapiga makofi. Mama wa karanga pale mlangoni akasema, "Maskini, bibi kaja kumwangalia mjukuu." Lishikeni hilo.

Safari ikaanza, na mambo yakaharibika moja baada ya jingine. Kijana mmoja akauliza farasi wa kwenye tangazo yuko wapi, yule mwenye mabawa. Nikamjibu kwamba bado hajazaliwa, Pegasus hutoka kwenye damu ya Medusa, yule mwanamke mwenye nywele za nyoka ambaye ukimtazama usoni unageuka jiwe, akishakatwa kichwa, kwa hiyo vumilia hadi karibu na mwisho. Sijameza mate, wakatua msituni kundi zima, na mmoja mweusi tii katikati yao. "Wamezaliwa njiti," akasema kijana.

Mimi ningewaeleza nini? Kwamba Perseus hakuhitaji farasi? Alikuwa na viatu vya mabawa, kofia ya Hades, mungu wa kuzimu, ya kumfanya asionekane, mfuko wa kubebea kile kichwa kisimdhuru mtu, mundu aliopewa na Hermes, na ngao ya Athena iliyosuguliwa ikawaka. Kila kifaa kina kazi yake: viatu vya kufika, ngao ya kumtazamia Medusa bila kukutana naye macho, mundu wa kukata, mfuko wa kuhifadhi, kofia ya kuwatoroka dada wawili wa Medusa wasiokufa. Ondoa kimoja na kijana harudi nyumbani. Aliyempanda Pegasus ni mtu mwingine kabisa, Bellerophon. Muvi ya zamani ya jina hilo hilo, ya 1981, nayo ilimpandisha Perseus farasi, kwa hiyo hawa wa 2010 wamerithi kosa na ngao wakatengeneza kwa gamba la nge. Nge wakubwa kama malori, ndiyo, waliotokea kwenye damu ya mkono wa Acrisius. Damu ya Medusa iliyotakiwa izae, haikuzaa. Ya babu, samahani, ya mume, ikazaa nge.

Tulipofika kwenye nge, wakatokea jangwani watu wenye majoho, nyuso kama za gogo lililoungua, macho yanawaka buluu. Sauti kutoka nyuma: "Hao majini." Alikuwa mzee wa kahawa, na birika lake liko juu ya jiko.

Nikamjibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Hapana mzee, hii ni Ugiriki, kule majini hakuna."

"Marahaba mwanangu. Mimi mzaliwa wa Tanga. Jini namjua."

Na ni kweli walikuwa majini! Muvi yenyewe inawaita majini, na mkubwa wao anaitwa Sheikh Suleiman. Katika hadithi ya Wagiriki! Wagiriki wana mashetani wao wa kutosha, wana Kimera, wana Kerbero mwenye vichwa vitatu, lakini mwandishi kaona aagize mzigo kutoka kwetu. Banda zima likamgeukia mzee wa kahawa. Wakamuuliza hawa ni wa bara au wa bahari, akajibu wa jangwani, hawapendi kelele, wakimpenda mtu wanamtibu. Dakika mbili baadaye Sheikh Suleiman akamwekea Perseus mkono kwenye kidonda akamponya. Mzee akamimina kahawa wala hakutazama juu. Kuna mtu alipendekeza apewe maiki yeye.

Mungu si Athumani, wakafuata wale vikongwe watatu. Hapa nikatabiri: jicho moja wote watatu, wanapokezana, na kijana atalinyakua asiwarudishie hadi wamwambie siri. Ikawa hivyo hivyo, neno kwa neno. Makofi. Mwenye banda akaniletea soda. Kiburi changu chote cha baadaye kimetokana na hiyo soda.

Sasa twende polepole, maana kipande cha Mdomo kinaanzia hapa.

Wako kwenye mashua ya Kharoni, mvushaji wa wafu, wanavuka mto kwenda kuzimu kwa Medusa. Giza, moshi. Io anamfundisha Perseus namna ya kupigana na yule nyoka. Mimi natafsiri: "Bibi anasema, usimtazame usoni." Sawa. "Bibi anasema, sogea hivi." Sawa. Io akamshika mkono. "Bibi anamshika mjukuu mkono, anamrekebisha." Mama wa karanga akatikisa kichwa kwa upole, bibi mwema huyo. Wakazunguka. Io akamwangusha. Akawa juu yake. Wakatulia. Muziki ukabadilika, zile nyuzi zikaingia, zile ambazo hata mtoto wa darasa la pili akizisikia anajua kinachofuata ni nini. Nikaona uso wa Io unashuka. Nikaona macho ya Perseus yanalegea. Nikaitazama rimoti, iko kwa mwenye banda. Nikamtazama mwenye banda, anatazama muvi.

Nyuso zikakaribiana.

Banda kimya. Benchi halikulia. Hata feni naona lilipunguza mwendo.

Kwenye kimya hicho, mama wa karanga: "Si ulisema huyo ni bibi yake?"

Nikashtuka nikageuka, maiki ikaelekea kwenye spika. Ule mluzi uliopiga walisikia mpaka stendi. Na ulipokatika, sauti pekee iliyobaki hewani ni yangu, nikijitetea kwa volumu yote: "Ni bibi wa mbali!"

Mtu wa benchi la mbele akaanza kuhesabu kwa vidole: "Mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya..." Akaishiwa majina. "Bado vizazi vinne, ila bibi ni bibi."

"Na yule ng'ombe je?" mwingine akauliza.

"Ng'ombe alikuwa zamani!" nikasema. "Sasa hivi ni mtu!"

Hiyo sentensi ndiyo Mdomo ameiweka mlio wa simu.

Mengine nayapitisha haraka. Watu walicheka kuanzia hapo hadi kwa Medusa, na muvi hii Medusa wake si mbaya, ingawa mkia wa nyoka wameuchukua kwa yule wa 1981. Wachoraji wa zamani kabisa wa Ugiriki walimpa miguu ya mtu, mabawa na meno ya ngiri. Io alipochomwa kisu na Acrisius ukumbi mzima ukapiga kelele "Bibi kafa!" Alipotoka Kraken, lile dude la baharini, nilijaribu kusema kwamba jina hilo ni la mabaharia wa Norway, kwamba mnyama wa Wagiriki aliitwa ketos na aliletwa na Poseidon, mungu wa bahari, kwa sababu ya majivuno ya malkia Kassiopeia. Hakuna aliyesikia. Andromeda, ambaye ndiye mke halali, ambaye kwenye ukoo wake na Perseus ndipo alipokuja kutoka Herakles, akaachwa hapo hapo bandarini. Zeus akamfufua Io, akamletea kijana wake. Mmoja akauliza huyo anayeigiza Zeus si yule mzee wa kwenye muvi ya Taken, aliyekuwa akimtafuta binti yake aliyetekwa Paris. Ndiye, nikasema, na kama mnavyoona, kazi ya kuwarudisha watu anaiweza. Titani, miungu wa kale waliotajwa kwenye jina la muvi, hawakutokea kupigana hata mmoja, na watu wakadai jero zao. Zimelipwa. Msiulize na nani.

Kitu kimoja nilimwambia mwenye banda ili kumpoza: sisi tuliiona bapa, tumshukuru Mungu. Kule ughaibuni waliilipia zaidi kuitazama kwa miwani ya 3D. Ilipigwa kwa kamera za kawaida, halafu baada ya muvi ya Avatar, nayo ya miwani, kuvuna pesa, wakaigeuza kuwa ya miwani kwa muda wa wiki kumi hivi, wakasogeza uzinduzi kutoka tarehe 26 Machi hadi 2 Aprili 2010 ili wawahi. Kazi ya lipualipua, vichwa vikaonekana vimebanduliwa kutoka shingoni. Mwenye banda akasema hilo la vichwa halimhusu, yeye anataka kujua kama ina sehemu ya pili.

Inayo. Ya 2012. Nimeitazama jana usiku, mlango nimefunga, sauti chini, nipate kujiandaa. Inaanza Perseus karudi kuwa mvuvi. Io amefariki. Na pembeni yake yuko mtoto wa kiume wa miaka kumi, anaitwa Heleus, wa kwake na Io.

Wamezaa, jamani.

Nilimpigia Mdomo kumwomba asimwambie mtu. Leo mchana nimepita kwenye kahawa, mzee kanimiminia kikombe, kanisogezea na kashata, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyo mtoto, Io akimwita, anamwita mwanangu au kinying'inya?"