Visawe visubiri, "run" kwanza

Walimu wa Kiingereza hapa Mtwara wanabishana: mwanafunzi wa kidato cha kwanza apewe orodha ya visawe, yaani maneno yenye maana moja, akariri, au abaki na neno moja mpaka alizoee? Wanaotetea orodha wana hoja nzito. Mtoto katoka shule ya msingi alikosomeshwa kwa Kiswahili, ghafla biolojia na jiografia ni Kiingereza kitupu. Darasa limejaa, vitabu ni vya kugawana. Orodha ya ubaoni haina gharama, na kila mmoja anaondoka nayo daftarini.

Shida huonekana kwenye insha. Ubaoni "run" imelinganishwa na "flow" (kutiririka) na "manage" (kuendesha). Yote ni kweli mahali pake: Mto Ruvuma "runs", na mwenye duka Mikindani naye "runs a shop". Aliyekariri anaandika "My uncle flows a shop", wala haoni kosa, kwa kuwa daftari lake linasema maneno hayo ni mamoja. Huo si uvivu, ndivyo alivyofundishwa.

Na orodha yenyewe haina mwisho. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wahariri wa kamusi ya Oxford wamefikisha maana 645 za kitenzi "run" peke yake. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyechapisha orodha yake mashuhuri ya maneno mwaka 1852, aliyapanga kwa maana ili kumsaidia mtu mwenye wazo tayari anayetafuta neno la kulieleza. Mtoto wetu bado hajafika huko.

Mimi naegemea neno moja, tena kwa nguvu, kwa sababu mtoto huyu ana mtaji tusioutumia. Anapiga simu, anapiga pasi, anapiga mswaki, mama yake anapiga kura, na hachanganyi hata moja. Kila "piga" aliisikia pamoja na neno linaloandamana nayo. Basi na "run" apewe hivyo hivyo, ndani ya sentensi: "We have run out of sulphur", yaani salfa imetuishia. Mtoto wa mkulima wa korosho anajua salfa ikiisha kabla mikorosho haijapuliziwa maana yake ni nini nyumbani. Sentensi hiyo haimtoki.

Gharama yake ni usahihishaji: sentensi za darasa zima zinamfanya mwalimu akeshe. Nadhani sentensi tatu kwa kipindi zinatosha, wanafunzi wakibadilishana madaftari, na orodha ije kidato cha tatu, wakishachoka kuandika "good" kila mstari.