Sauti Zinazoamrisha, na Tiba Inayosubiriwa

Mwongozo rasmi wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2014 hauna kigugumizi: kila mwenye saikosisi (hali ya kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii) au skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoambatana na hali hiyo, apewe, pamoja na dawa, nafasi ya tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia (CBT), ana kwa ana na mtaalamu, vipindi visivyopungua 16. Pendekezo la namna hiyo lilikuwapo tangu 2002. Hata hivyo, tume iliyochunguza hali ya wagonjwa wa skizofrenia nchini humo ilitoa ripoti mwaka 2012 ikisema kwamba katika kila watu 10 ambao wangefaidika na tiba hiyo, aliyeipata ni mmoja tu.

Wengi wakisoma takwimu hiyo hukasirika. Wapo wasiokasirika, tena si watu wa kubezwa. Wao huuliza: kwa nini tulilie tiba ambayo haijathibitisha kwamba inafanya kazi?

Hoja yao ni fupi na ngumu. Mwaka 2014 Sameer Jauhar na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya tiba hii kwa wagonjwa wa skizofrenia. Waliona nafuu ndogo. Na pale ambapo waliopima matokeo hawakujua nani kapewa tiba na nani hakupewa, nafuu hiyo ilizidi kunywea. Mwaka huohuo London ukafanyika mdahalo wa hadhara juu ya kama tiba hii imepigiwa debe kuliko inavyostahili. Kisha mwaka 2018 likaja jaribio la watu 487 ambao hata klozapini, dawa inayoshikwa wakati nyingine zimeshindwa, haikuwafaa. Walipopimwa miezi 21 tangu waanze, waliopata mazungumzo hawakuwa na tofauti ya maana na wenzao. Ukiongeza kwamba mtaalamu mmoja hukaa na mtu mmoja saa nzima, wiki baada ya wiki, unaelewa kwa nini wasimamizi wa bajeti hukuna vichwa.

Sina haja ya kuzikana namba hizo. Ninachouliza ni kitu gani kilipimwa. Kwa sehemu kubwa zilipimwa dalili kwa ujumla: sauti zipo au hazipo, mara ngapi, pamoja na mambo mengine kadha wa kadha kwenye fomu. Ni kipimo cha dawa. Dawa kazi yake ni kupunguza sauti, kwa hiyo ni haki kuihukumu kwa hilo. Tiba ya mazungumzo, hasa ya wanaosumbuliwa na sauti, haikuahidi kuzinyamazisha.

Chukua mtu anayesikia sauti ya mwanamume ikimwambia asile, chakula kina sumu, na akila atakufa kabla ya kukucha. Mtaalamu habishani naye kwamba sauti haipo. Anamuuliza: je, kuna siku ulikula? Jumanne? Ikawaje? Asubuhi ya Jumatano ulikuwa wapi? Halafu: alishawahi kukutabiria jambo lingine, likatokea? Polepole, kwa vipindi vingi, mtu anaanza kumwona yule bwana kama mtu anayetisha sana lakini asiyetimiza. Sauti inaweza kuendelea kupiga kelele vilevile. Kwenye fomu ya dalili hakuna kilichobadilika, ila mtu huyo sasa anakula.

Ndiyo maana jaribio ninalolirudia kila mara si kubwa kuliko mengine. Liliongozwa na Max Birchwood, likafanyika Birmingham, Manchester na London, na matokeo yakachapishwa 2014. Walichukuliwa watu 197 ambao sauti zao ziliwaamrisha kujidhuru au kudhuru wengine, na ambao walikwisha kuzitii. Wapimaji walitaka kujua jambo moja kubwa: je, bado unatii? Baada ya miezi 18, katika waliopata huduma ya kawaida, 39 kati ya 85 walikuwa wametii kikamilifu, yaani asilimia 46. Katika walioongezewa tiba ya mazungumzo walikuwa 22 kati ya 79, asilimia 28.

Tulia kidogo na pengo hilo. Kwa hesabu ya haraka, katika kila watu 100 wa aina hiyo, 18 hivi zaidi hawakutii kikamilifu walichoamrishwa. Na kilichokuwa kikiamrishwa ni kujikata, kujirusha, kummezesha mtu dawa, kumshambulia jirani. Huwezi kuliweka hilo kwenye mizani moja na alama mbili tatu za "dalili kwa ujumla". Ukweli ni kwamba kwenye kipimo cha miezi 9 tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika, na wapinzani wana haki ya kulikumbusha. Kwangu linaonyesha kwamba kuacha kutii si kitu cha wiki moja: mtu aliyemwogopa bwana wake miaka 10 atakataa amri ndogo kwanza, asubiri adhabu, aone haikuja, ndipo akatae kubwa. Ingekuwa vyema jaribio lirudiwe na watu wengi zaidi. Lakini anayesema tiba hii haina kitu inampasa aeleze ile 28 na ile 46, na mara nyingi haelezi.

Kuna njia nyingine iliyobuniwa na Julian Leff, ambayo msomaji wa pwani ataisoma kwa tabasamu. Mgonjwa husaidiwa kutengeneza kwenye kompyuta uso wa yule anayemsikia na kuirekebisha sauti hadi aseme, ndiye huyu. Kisha anakaa mbele ya ule uso na kuzungumza nao, huku mtaalamu aliye chumba kingine akisema mara kwa sauti yake mwenyewe, mara kwa sauti ya yule mtesi. Mtesi huanza kwa matusi, na kadiri mgonjwa anavyosimama imara, hulegea. Mganga anayempunga mtu pepo naye humwita, humuuliza jina, akapatana naye. Wala siwafananishi ubora. Ninachoona ni kwamba pande zote mbili zimeiona sauti kama mwenye nguvu anayeweza kujibiwa. Jaribio la watu 150 lilionyesha nafuu kubwa ndani ya wiki 12, kuliko kwa waliopata ushauri nasaha wa kawaida. Kufikia wiki 24 tofauti hiyo haikuonekana tena. Wakosoaji huishia hapo, na husahau kutaja kwamba hata wale wa ushauri nasaha walikuwa wameendelea kupata nafuu. Nao pia walikuwa wanazungumza na mtu.

Suala la nani anafikiwa halimpiti Mwafrika anayeishi huko. Utafiti wa London, Nottingham na Bristol uliochapishwa 2006 ulikuta Waafrika weusi wakigunduliwa kuwa na skizofrenia karibu mara sita ya Waingereza weupe. Weusi pia hulazwa kwa nguvu ya sheria mara nyingi zaidi, na tafiti zimeonyesha huitwa kwenye mazungumzo mara chache zaidi. Fikiria mama wa Kitanzania anayetukanwa na sauti kwa Kiswahili cha mtaani, na katikati yake na mtaalamu kuna mkalimani kijana anayeona haya kuyatamka matusi hayo mbele ya mtu wa umri wa mama yake. Sindano haihitaji mkalimani. Ndiyo njia rahisi, na ndiyo inayochukuliwa.

Wenye hoja ya uchache wa wataalamu wana la kweli, ila uchache huo ulichaguliwa. Uingereza ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa tiba za mazungumzo mwaka 2008, ilifunza maelfu ya watoa huduma kwa ajili ya sonona na wasiwasi. Wanaosikia sauti walibaki kwenye kliniki za magonjwa makubwa ya akili, ambako wataalamu ni wachache na foleni haisogei.

Sasa kuna wanaojaribu njia fupi. Huko Sussex, timu ya Mark Hayward imepima mazungumzo ya vipindi 8 yanayofuata kitabu cha kujisaidia, ili hata msaidizi wa mwanasaikolojia aweze kuyaendesha. Naliunga mkono, kwa sharti moja. Mtu akifika kliniki aulizwe mapema sauti inamwambia afanye nini, na mara ya mwisho alipokataa ilikuwaje. Ambaye sauti inamtukana tu anaweza kuanza na vile 8. Ambaye inamwamrisha, na amekwisha kutii, asipunguziwe kwa kisingizio cha bajeti. Jaribio la Birchwood liliruhusu hadi vipindi 25 katika miezi tisa, na ni kwa kipimo hicho ndipo ilipatikana ile 28 badala ya 46.