Matanga ya saa tatu, maneno ya sekunde arobaini

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia katika studio ninayoisaidia hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuzungumza kwenye matanga ya babake kule Seme mwaka 2008, na watoto wao walio Marekani wanataka kuisikia sauti yake tena. Kanda zilikuwepo: tatu za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera za kidijitali, za saa moja moja, zimeandikwa kwa wino mwekundu "Matanga Seme" na nambari. Basi tukakaa. Tukapeleka mbele, tukarudisha nyuma, chai ikaletwa ikapoa. Jua lilikuwa limeshaelekea kuzama aliponishika mkono: "Mwanangu, hapo hapo. Rudisha kidogo." Mzee alizungumza kwa sekunde arobaini hivi, kisha akampa mwenzake maikrofoni.

Tangu siku hiyo mwenye studio ananiuliza tujenge hifadhidata ya namna gani ili kazi kama ile iishe kwa dakika mbili. Ana kanda zaidi ya 200. Kanda moja ya saa moja ikinakiliwa jinsi ilivyorekodiwa hula gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo tunazungumzia terabaiti 2.6 na zaidi, kabla hatujagusa video za kamera mpya. Nimewasikiliza wajuzi wanaovutana kuhusu jambo hili, na kila upande una hoja ya haki.

Kuna wanaotaka video yenyewe iingizwe ndani ya hifadhidata pamoja na maelezo yake. Hoja hii hupuuzwa upesi mno. Nimeshuhudia diski ya nje iliyokuwa ikisomeka kama E ikichomekwa kwenye tarakilishi nyingine ikawa F, na orodha ya mamia ya video ikabaki kuelekeza pasipo kitu. Faili zilikuwa salama, maelezo yalikuwa salama, ila vilikuwa vimepotezana. Video ikikaa ndani, hilo halitokei. Ukitoa nakala ya akiba ya hifadhidata umetoa ya kila kitu, na ruhusa za kutazama zinasimamiwa mahali pamoja.

Lakini ukubwa unakataa. Kati ya programu za hifadhidata zinazotumika sana, PostgreSQL haikubali thamani moja inayozidi gigabaiti 1 ndani ya safu, na MySQL hukomea 4; kanda yetu moja ina 13. Watafiti wa Microsoft walilipima suala hili mwaka 2006 wakaona kwamba vitu vya chini ya kilobaiti 256 hukaa vizuri zaidi ndani ya hifadhidata, na vinavyozidi megabaiti 1 hukaa vizuri zaidi kama faili za kawaida. Diski zimebadilika sana tangu hapo, ila video ya saa nzima iko mbali mno na mpaka huo. Kwa hiyo ningeweka picha ndogo za kutambulishia ndani, na video nje. Ile hofu ya kupotezana ina dawa yake: mahali pa faili pasiandikwe kwa herufi ya diski. Kila faili ipewe alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64, na kila wiki programu ndogo ipite ikihakikisha kwamba faili ipo na haijaharibika. Diski ihamishwe iendako, faili itatambulika kwa alama yake.

Suala linaloninyima usingizi ni jingine: mstari mmoja wa jedwali uwakilishe nini? Mifano mingi inayofundishwa ina jedwali la video lenye jina, tarehe, mahali na muda. Kwa anayeuza harusi nzima kwa mwenye harusi, linatosha, na kumwongezea mengine ni kumtwika mzigo bure. Mama wa Seme hakuja kutafuta video, alikuja kutafuta maneno ya mtu. Kwake kinachotafutwa ni kipande cha wakati: kanda ya pili, kuanzia dakika fulani hadi dakika fulani, fulani anazungumza. Kamera tulizotumia, za mfumo wa video wa PAL, hurekodi fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde, hivyo maneno ya mzee ni fremu 1,000 kati ya 270,000. Hifadhidata isiyojua lolote kuhusu hizo 1,000 ingetuachia kazi ile ile ya mchana kutwa, kasoro vumbi la kanda.

Kwa hiyo napendekeza jedwali la vipande, lenye mwanzo na mwisho, liunganishwe na jedwali la watu kupitia jedwali la tatu linalosema nani anaonekana na nani anazungumza. Pingamizi la mwenye studio ni zito, na silipuuzi: nani atalipa? Mimi kanda ya saa moja hunichukua saa tatu kuielezea vizuri. Mara 200, hiyo ni miezi ya mshahara, katika biashara ambayo mteja wa kanda ya zamani huja mara chache.

Wapo wanaojibu kwamba mashine itaifanya kazi hiyo. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inajua Kiswahili, na kwenye hotuba ya mtu mmoja aliye karibu na maikrofoni inasaidia kweli. Dholuo, lugha ya Waluo, haimo katika lugha zake. Matanga ya Seme yanaanza kwa Dholuo, yanapita kwenye Kiswahili, yanagusa Kiingereza, yote katika pumzi moja, huku hema likipigwa na upepo. Nilipoijaribu kwenye kanda ile, iliandika Kiswahili ambacho hakuna aliyekisema. Kosa la aina hiyo ni baya kuliko ukimya, kwa sababu utafutaji utaliamini.

Njia ya kati ipo, nayo ilikuwa ikikaa kwenye droo. Matanga mengi huku kwetu yana kijitabu kilichochapishwa: ratiba, majina ya wazungumzaji kwa mpangilio, ukoo wote. Mshereheshaji naye humtaja kila mtu kabla ya kumpa maikrofoni. Ukiwa na kijitabu mkononi, kinachobaki ni kuweka saa kwenye orodha iliyokwisha kuandikwa, vipande kumi na viwili au kumi na vitano kwa matanga mazima. Kanda iliyonichukua saa tatu ilinichukua dakika 35.

Majina yenyewe yanahitaji jedwali lao. Mama huyo kwenye kitambulisho ana jina moja, kanisani lingine, nyumbani kwa mumewe anaitwa nyar, yaani binti wa, na jina la kwao alikozaliwa, na majirani wanamwita mama fulani. Hifadhidata yenye safu moja ya jina inamlazimisha anayeandika achague, na anayetafuta akisie lililochaguliwa. Mtu mmoja, majina mengi: hapo sioni hoja ya upande wa pili.

Kuhusu maneno ya kawaida, utafutaji ulio tayari ndani ya PostgreSQL hupunguza maneno hadi mzizi kwa kukata mwisho wake, na Kiswahili hakimo kati ya lugha inazokuja nazo. Sisi hubadilisha mwanzo: mvuvi, wavuvi, anavua, walivua. Kiendelezi chake, yaani programu ya nyongeza, cha kulinganisha vipande vya herufi tatu tatu kitaona kwamba "wavuvi" na "mvuvi" wana "vuv" na "uvi" kwa pamoja. Hakitaona kwamba "anavua" ni jamaa yao, na mara nyingine kitakuletea maneno yasiyohusiana kabisa. Nimekubali kelele hiyo, nikaongeza orodha fupi ya maneno ndugu niliyoiandika kwa mkono: mvuvi, wavuvi, uvuvi, na kwa Dholuo jalupo (mvuvi), jolupo (wavuvi). Haipendezi kwa mhandisi, lakini mzee wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, akitafuta kwa lugha yake anapata.

Kwenye kufikisha video kwa mtazamaji, wajuzi watakutajia HLS, mtindo ambao Apple iliuleta mwaka 2009 wa kukata video katika vipande vya sekunde chache na kwa viwango kadhaa vya ubora, simu ichague kinachobebwa na mtandao wake. Kwa watazamaji maelfu ndio sahihi. Kwa familia tano, faili moja ya MP4 yenye fahirisi yake mwanzoni, ili ianze kuchezwa kabla haijapakuliwa yote, inatosha. Kinachookoa bando hapa ni kile kipande: kwa megabiti 1 kwa sekunde, matanga ya saa tatu ni gigabaiti 1.35, na maneno ya mzee ni megabaiti 5.

Hata ruhusa ningeziweka kwenye kipande. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria kuna heshima. Binti aliyeanguka mbele ya jeneza akilia anaweza kukataa kuonekana mtandaoni bila kuwanyima ndugu zake hotuba ya baba yao. Ruhusa ikiwekwa kwa video nzima, ama anaonyeshwa bila hiari yake, ama wote wanakosa.

Mama alirudi Jumamosi kuchukua flashi yake. Kabla hajaondoka nilimwonyesha kile kipande kwenye skrini, nikamuuliza ni nani yule kijana aliyepokea maikrofoni. Akasogeza kiti. Akamtaja huyo, akataja wanawake watatu waliosimama nyuma ya hema, na mtoto aliyebebwa mgongoni, ambaye sasa anasoma chuo kikuu Maseno. Niliandika majina yote, na ya mmoja wao niliandika manne.