Sikupiga Ramli, Ilikuwa Feni

Naona shoga yangu keshaisambaza mpaka Mkunazini, ati nimewapigia ramli wageni waliokuja kumposa binti ami yangu. Wallahi sikupiga ramli. Ilikuwa feni.

Mnaonifuata mnajua maradhi yangu ya taroti, zile karata za picha ambazo wengine huzipigia ramli. (Nyie wa astaghfirullah nawaona. Karata hizi zilianzia Italia karne ya 15, watu wakizicheza tu, kama nyie na za kwenu barazani.) Mie kutabiri sijui. Raha yangu ni kuchukua jozi mbili, ya mtindo wa Marseille na ile iliyotoka London mwaka 1909, nikaiweka kila karata ubavuni mwa mwenziwe. Ndipo unaona vituko: huku Haki ni namba 8 na Nguvu 11, kule wamebadilishana viti. Mauti wa Marseille yumo kwa miguu anafyeka, na jina hakuandikwa. Wa London kampanda farasi mweupe.

Basi umeme umekatika, nimezitandaza chini ya dirisha la ghorofani nipate mwanga, dirisha linalotazama uani. Na wageni nao, kwa lile joto, wameteremshwa uani huko huko na mkeka wao. Mie sina habari. Na feni nimeiacha namba tano.

Umeme ukarudi.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mauti, yule wa farasi. Akaelea. Akapinduka. Akafanya kama anarudi ndani, akaghairi, akateremka taratibu mpaka kwenye sahani ya haluwa, uso juu, fuvu linamtazama mshenga. Mkono wa mshenga ulikuwa njiani kuelekea sahani hiyo hiyo. Ukabaki hewani. Nyuma yake zikaja karata za Wapenzi, zote mbili, zikamtua mapajani.

Mzee akavaa miwani.

(Mwenye akili angejificha chini ya kitanda. Mie nilitoa kichwa dirishani nikasema, "Shikamoo babu.")

"Marahaba." Kashika moja mkono huu, moja mkono huu, anazilinganisha kwa utulivu ambao mie mwenyewe sijaupata. "Mwanangu, hawa mbona wako uchi? Na huyu mbona kasimama kati ya wanawake wawili?"

Jibu lilikuwa "sijui, babu." Lakini somo likanipanda kichwani! "Hao walio uchi ni kama Adam na Hawa, babu, kawachora Pamela Colman Smith. Hao watatu ndio mtindo wa zamani."

Kimya. Hata kunguru juu ya bati alinyamaza, nadhani naye alitaka kusikia. Ami akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Basi tuelezane mapema," akasema. "Huyu kijana wenu ni wa mtindo upi?"

Mshenga akaanza kuapa, na karata bado mkononi.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama alipanda ngazi na kandambili mkononi. Posa imekubaliwa, mahari yametajwa. Bibi harusi kila akiniona anauliza wale wanawake wawili ni nani.

Na ile jozi ya London, ambayo nilikuwa nayo kamili, karata 78, sasa zimebaki 77. Mzee kaondoka na ile ya uchi mfuko wa kanzu, ati isije ikaonwa na watoto.