Gari halikunigusa, nasisitiza

Kwanza tuelewane: sikugongwa. Wala sikugonga mtu. Ile sauti ndefu aliyoirekodi swahiba wangu akairusha kwenye kundi, akisimulia nilivyoanguka na pikipiki, inayoanza kwa kicheko na kuishia kwa kikohozi cha kicheko, imeruka jambo moja, na jambo hilo ndilo lililonilaza chini mchana kweupe. Goti bado limevimba, lakini vidole ni vizima, kwa hiyo naandika kabla toleo lake halijageuka historia.

Najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, ni mimi yule yule niliyewachosha humu na habari za breki ya mbele. Chekeni kabisa mmalize, halafu tuendelee.

Swahiba alikuwa amekaa nyuma yangu. Jamaa ana miguu mirefu. Akipanda pikipiki, magoti yake yanakuja kukaa usawa wa mbavu zangu. Nilimpa helmeti, nikamfunga mkanda wa kidevuni kwa mkono wangu, nikamsomea masharti: kaa karibu yangu, nikiinama kwenye kona na wewe inama, usijitingishe ovyo, na usishuke mpaka nikuambie shuka. Akajibu, "Sawa mwalimu."

Hilo jibu lishikeni.

Barabara ilikuwa na foleni upande mmoja. Njia ya kulia imeganda, ya kwetu kushoto inatembea. Wanaoendesha pikipiki wanajua hapo ndipo pa kuogopa, maana kila aliyeganda anaitamani njia inayotembea, na akishaitamani hakumbuki kwamba ina watu ndani yake. Nilikuwa kwenye kilomita kama 30 kwa saa. Mnaona ni mwendo wa bibi harusi, lakini ni zaidi ya mita 8 kwa kila sekunde. Ukizubaa sekunde moja tu, mita 8 zimeshakwenda na breki hujaigusa. Ndiyo maana kwenye foleni vidole vyangu viwili hulala juu ya leva ya breki muda wote.

Na uso wa dereva siuamini. Mtu anaweza kukukazia macho na asikuone, kwa sababu anachotafuta ni gari, na wewe si gari. Mimi natazama tairi la mbele. Tairi likianza kugeuka, huyo anakuja, indiketa awashe asiwashe.

Basi, gari dogo jeupe, mbele yetu kulia. Nikaona tairi linageuka.

(Hapa naomba mnivumilie kidogo, nina haki ya kujitetea. Kulikuwa na bwana mmoja wa Marekani, Harry Hurt wa University of Southern California, ambaye yeye na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles, wakatoa ripoti mwaka 1981. Walikuta kwamba katika ajali za pikipiki na chombo kingine, theluthi mbili zilitokea kwa sababu yule mwingine aliingilia njia ya pikipiki. Wakakuta tena kwamba kwa kawaida mwendeshaji anabakiwa na muda usiofika sekunde 2 wa kujiokoa, na wengi huutumia vibaya: wanakanyaga breki ya nyuma mpaka tairi linaserereka, ile ya mbele yenye nguvu wanaibana kidogo tu kwa woga. Nilikuwa naijua ripoti hiyo. Nawaambia ili mjue mtu aliyeanguka si mbumbumbu.)

Nikaachia mafuta, nikabana breki ya mbele. Sikuikwapua, niliibana taratibu huku nikiongeza, ili uzito wote uhamie mbele kwanza, shokapu zibonyee, tairi liishike lami, ndipo nikakaza kwelikweli. Ya nyuma niliigusa tu. Macho niliyatoa kwenye gari, maana ukilikodolea utalifuata, nikayapeleka kwenye upenyo wa kushoto. Swahiba akateleza kwenye siti akaja kunigandamiza, helmeti yake ikapiga yangu kisogoni, ko! Tairi halikulia. Pikipiki ikasimama.

Na gari nalo likasimama. Kati yetu na ubavu wake palibaki nafasi ambayo mtu mnene angepita bila kuomba radhi.

Jamani, ilikuwa breki nzuri. Pangekuwa na majaji wangeinua vibao. Kando yetu kulia kulikuwa na basi limekwama, abiria wamebandika nyuso madirishani, nami nikahisi kabisa kwamba wananisifu. Mzee wa kwenye gari jeupe akashusha kioo, mkono kifuani.

"Samahani mwanangu, sikukuona kabisa."

Nami, mdomo huu, nikainua kioo cha helmeti nikamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye basi: "Usijali mzee. Mimi nilikuona."

Sasa twende polepole, kwa sababu kuanguka kwenyewe kulikwenda polepole.

Usukani ulikuwa umebaki umegeukia kushoto kidogo, kule kwenye upenyo nilikokuwa naangalia. Pikipiki ikisimama usukani umegeuka na breki ya mbele imebanwa, huegemea upande huo huo. Ni kawaida, unashusha mguu, maisha yanaendelea. Nikashusha mguu wa kushoto. Mguu ukashuka. Ukaendelea kushuka. Nikawa nasubiri ardhi, ardhi haiji. Pale nilipolengea kukanyaga lami ilikuwa imeliwa na mvua, imebaki ukingo tu, na chini ya ukingo kuna kijibonde chenye changarawe. Kiatu kilipofika chini hatimaye, pikipiki ilikuwa imeshalala kiasi ambacho dada mmoja kwenye basi aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Lakini nilikuwa nimeibeba! Hiki ndicho kipande ambacho kwenye ile sauti hakimo. Paja limejaa uzito wote, meno nimeyauma, mikono inatetemeka, ila pikipiki imesimama kwenye pembe yake na haiendi popote. Nilikuwa navuta pumzi ya kuirudisha juu.

Ndipo nikahisi viganja viwili mabegani.

Swahiba alikuwa ameamua kushuka.

Hakuuliza. Mwalimu hakushauriwa. Aliona tunaegemea kushoto, akaona heri atokee kulia, na ili aruke kulia ilibidi asukume kitu kwenda kushoto. Kitu hicho nilikuwa mimi. Akanikandamiza mabega, akajiinua, ule mguu mrefu ukapita juu ya siti bila kugusa hata taa, akatua wima kwenye lami. Mikono mifukoni! Sijui iliingia saa ngapi, lakini nilipomwona kwenye kioo cha pembeni ilikuwa mifukoni.

Nilimwona kwenye kioo kwa sababu nilikuwa bado naanguka. Ndiyo, nilipata muda wa kutazama kioo. Nilipata hata muda wa kusema "aah, wewe" kabla ya kufika chini. Leva ya klachi ikatangulia, ikafuata kioo, likafuata goti, halafu mimi mzima nikajilaza ubavu juu ya changarawe, na pikipiki ikaja kunifunika mguu taratibu, kama mama anayemfunika mtoto shuka.

Umoja wa Ulaya tangu 2017 karibu kila pikipiki mpya ya barabarani inayozidi cc 125 lazima ije na ABS, ile breki isiyoruhusu tairi lijifunge. Wanafanya vizuri. Sasa waniletee inayomzuia abiria asijishushe.

Nikiwa pale chini, injini bado inaunguruma. Klachi nilikuwa nimeiachia kwa lazima, maana leva yenyewe imekatika nusu, basi tairi la nyuma likawa linazunguka hewani peke yake, mnyororo unalia, petroli inaanza kunuka. Swahiba akapiga kelele, "Zima! Zima!" Swichi ya kuzimia injini iko upande wa kulia wa usukani, na upande wa kulia wa usukani kwa wakati ule ulikuwa unaelekea mbinguni. Nikanyoosha mkono. Haufiki. Nikajivuta. Mguu umebanwa. Nikaipapasa kwa ncha ya kidole cha kati nikakosa, na mkono wa kushoto uliobaki chini ukabonyeza honi. Kumbe siyo honi tu, sijui niligusa nini, na indiketa ikawaka. Kwa hiyo nimelala chini nikiwaonyesha watu wote nataka kukunja kushoto.

Kwenye dirisha la basi mtoto akauliza kwa ile sauti yao isiyojua kunong'ona: "Mama, mjomba amelala?"

Mama yake akamwambia asinyooshe kidole. Akaninyooshea yeye.

Yule mzee wa gari jeupe ndiye aliyeshuka mbio akazima injini. Ndiyo, yule yule ambaye nilimwambia mimi nilimwona. Akauliza, "Umeumia mwanangu?" nikasema hapana mzee, nimepumzika kidogo.

Kuiinua nako kukawa sinema. Swahiba akaishika akiwa ameielekea, mgongo umepinda, akivuta kwa mikono. Hivyo ndivyo watu wanavyoharibu viuno. Na mimi, mguu ukiwa bado uko chini ya mzigo, nikaanza kutoa somo: geuka, ipe mgongo, egemeza makalio kwenye siti, mkono mmoja shika usukani, mwingine shika chuma cha nyuma, sukuma kwa miguu, rudi nyuma hatua fupi fupi. Akatii, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Makalio kwenye siti, macho yanawatazama abiria wa basi, anarudi kinyumenyume huku anahema. Njia ni sahihi kabisa na inafanya kazi, ila haina heshima hata kidogo. Basi zima likacheka. Pikipiki ikainuka, ikapitiliza, ikaanza kwenda upande wa pili, maana ikilalia kushoto stendi inakuwa chini yake na huwezi kuitoa kwanza. Mzee akaidaka.

Yaliyobaki ni mafupi. Goti limechubuka, suruali imetoboka, kioo kimeondoka, helmeti haikupata hata mkwaruzo. Gari la mzee halina alama, nendeni mkalipime. Tuliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi, swahiba akirekodi ile sauti njiani huku akinisaidia kusukuma kwa mkono mmoja. Nilipomuuliza kwa nini aliruka, alisema aliona bora abaki mzima mmoja wa kutoa taarifa.

Fundi akaikagua leva, akapitisha kidole kwenye ubao wa pembeni uliokwaruzika, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Pole sana kaka. Uligongana na nini?"

"Na hakuna kitu," swahiba akadakia. "Alikuwa amesimama."

"Amesimama akagongwa?"

"Amesimama akaanguka."

Fundi akaweka spana chini, akawaita vijana wake wote waje wasikie. Swahiba akavuta kigoda, akakaa, akaanza upya. Mabega bado hayamo.